Kupanga Mtaa Unaostahimili Mafuriko na Joto: Anza na Njia ya Maji

Anayepewa kazi ya kupanga mtaa mpya, au ya kurekebisha ule uliokwisha kujengwa, kwa kawaida huanza na barabara na viwanja, kisha mwishoni ndipo hutafuta pa kupitishia maji. Utaratibu huo hauna budi kugeuzwa. Maji yalikuwa na njia yake kabla ya barabara ya kwanza kuchorwa, na mvua kubwa itakapokuja yatairudia njia hiyo hiyo, pawe na nyumba au pasiwe na nyumba.

Kwa hiyo chukua kwanza ramani yenye mistari ya mwinuko, yaani inayoonyesha palipo juu na palipo chini, utie alama kwenye mabonde, mikondo na mahali pa chini kabisa. Kisha nenda mwenyewe mvua inaponyesha, au mara tu inapokatika, ukaone maji yanatuama wapi na mstari wa tope umefika kimo gani ukutani. Waulize wazee wa mtaa pamoja na wapangaji wa vyumba vya chini, kwa kuwa mara nyingi wanakumbuka yasiyoandikwa kwenye ramani yoyote. Mahali hapo pa chini pasijengwe nyumba. Pawe bustani, uwanja wa michezo au shamba la mboga, mahali panapoweza kulowa na kukauka bila mtu kupoteza godoro lake wala mtoto wake.

Hatua inayofuata ni hesabu, nayo ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi hekta moja iliyofunikwa yote kwa lami, zege na mabati, ikinyeshewa milimita 50, hupokea lita 500,000, na karibu zote hukimbilia mtaroni kwa wakati mmoja. Ili kujua ardhi yako inaweza kunywa kiasi gani, chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji na kuyaacha yazame ili udongo ulowe, kisha ulijaze tena na kupima kwa rula yameshuka sentimita ngapi katika saa moja. Udongo wa kichanga utayameza upesi, nao wa mfinyanzi utayakalia. Yakishuka chini ya sentimita moja, usitegemee mashimo ya kunyonya maji wala vitofali vyenye mianya peke yake. Hapo panahitajika bwawa au eneo lililoshushwa ili kuyashikilia maji mpaka mitaro ipate nafasi.

Jiji la Copenhagen, nchini Denmark, lilijifunza hayo kwa gharama kubwa tarehe 2 Julai 2011, liliponyeshewa zaidi ya milimita 100 kwa muda wa saa mbili hivi. Mpango uliopitishwa mwaka 2012 haukutegemea kupanua mabomba tu, bali uliziingiza bustani na barabara zenyewe katika kazi ya kuyashika na kuyaongoza maji. Rotterdam, jiji la Uholanzi, nayo ilifungua uwanja wa Benthemplein mwaka 2013: siku za kawaida vijana huchezea sehemu yake iliyo chini, na mvua kubwa ikija sehemu hiyo hugeuka bwawa.

Majengo yenyewe yapangwe kwa kufuata jua na upepo. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na upande wa magharibi, unaopigwa na jua kali la alasiri, wekwe stoo, ngazi au bafu badala ya vyumba vya kulala. Kila chumba kipate matundu pande mbili ili hewa ipite, paa lipakwe rangi nyeupe, na upenu utokeze vya kutosha kuyakinga madirisha. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililobuniwa na Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, hupitisha hewa baridi ya usiku katika zege lake, na kwa njia hiyo hupoza ofisi mchana bila mfumo wa kawaida wa viyoyozi.

Miti nayo ipandwe mahali watu wanapotembea na kungojea usafiri. Kosa ninaloliona mara nyingi, nalo linaniumiza, ni mti kuachiwa kitundu cha upana wa ndoo katikati ya zege. Mizizi hukosa maji na pumzi, mti hudumaa, na baada ya miaka michache watu husema miti haifai mjini. Uachie ukanda mrefu wa udongo ulio wazi, ulioshushwa kidogo kuliko barabara, ili maji ya barabarani yaingie humo na kuunywesha.

Mwisho, kabla ya kazi kukabidhiwa, iandikwe ni nani atakayezoa taka na mchanga mitaroni kabla ya kila msimu wa mvua, kwa fungu gani la fedha, na nani atakayemkagua. Kila mwaka rudia jaribio la shimo katika maeneo ya kunyonya maji: kasi ikipungua, tope limeziba udongo wa juu, nao uondolewe na kuwekwa mwingine.