Video yako ikiibwa YouTube, usikimbilie kwenye komenti

Wanamuziki wenzangu, ukikuta mtu kaipakua video yako na kuipandisha kwenye chaneli yake, usianze kumporomoshea matusi. Atazifuta komenti zako, na utakuwa umemwongezea watazamaji bure. Kwanza piga picha ya skrini: jina la chaneli, tarehe, idadi ya watazamaji. Nakili na linki.

Kisha ingia YouTube Studio, sehemu ya hakimiliki, ujaze ombi la kuondoa video. Utachagua: iondolewe mara moja, au mwenye chaneli apewe siku 7 aishushe mwenyewe. Mimi nikiona ni shabiki tu, kaandika "ngoma kali hii" na jina langu kaliacha, humpa hizo 7. Yule aliyekata jina langu pale kona ya chini akabandika namba yake ya simu eti "booking", huyo simsubiri. Maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kumfungia chaneli nzima.

Sasa hapa ndipo wengi hukwama. Akipinga ombi lako, una siku 10 za kazi kuonyesha umefungua kesi. Usipofanya hivyo, video inaweza kurudi. Kwa hiyo karatasi ziwe tayari mapema: makubaliano na prodyuza na mpiga video (hata ya ukurasa mmoja), mafaili ya studio, na usajili wa COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) au, kwa Kenya, KECOBO (bodi ya hakimiliki). Na kama biti uliipakua mtandaoni bila leseni, chunguza hilo kabla hujamshtaki mtu.