Leseni ya teksi ukiwa kijijini: karatasi ipi itangulie

Wenye magari wengi vijijini huanzia LATRA, mamlaka inayotoa leseni za usafirishaji wa nchi kavu, kumbe LATRA ndiyo ya mwisho. Maombi hukwama kwa sababu kadi ya gari, TIN (namba ya mlipakodi) na bima zinaonyesha gari la binafsi, huku mwombaji akitaka leseni ya biashara. Kwa hiyo kwa wa Tanzania, mpangilio uwe huu.

Anzia TRA, mamlaka ya mapato. Kama TIN yako uliichukua kwa ajili ya leseni ya udereva au kadi ya gari tu, huenda ni ile isiyo ya biashara, omba ibadilishwe. Hapohapo omba gari libadilishwe matumizi, namba za njano zitoke, nyeupe ziingie. Kama kadi bado ina jina la aliyekuuzia, hamisha umiliki kwanza. Mkataba wa mauziano, hata ukiwa na muhuri wa wakili, haubadilishi jina kwenye kadi.

Bima ikatwe baada ya hapo, kwa matumizi ya kubeba abiria wa kulipia. Ukibaki na ile ya gari binafsi, siku ya ajali kampuni inaweza kukataa kulipa. Wakala akikukabidhi bima, ihakiki palepale kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Ukaguzi hufanywa na polisi wa usalama barabarani, na hapa ndipo magari ya vijijini yanapoangukia. Barabara ya makorongo hula bushi, bolijointi na shokapu kabla ya kitu kingine, kwa hiyo fundi ayashike hayo kwanza. Tikisa tairi la mbele likiwa limeinuliwa kwa jeki: likicheza, usilipeleke gari. Handbreki nayo wengi wameisahau kwa sababu wanazoea kuweka jiwe. Angalia matairi vipara, kioo cha mbele chenye ufa, mikanda ya viti vyote, pamoja na wa nyuma uliozama chini ya kiti, kizima moto ambacho muda wake haujapita, na pembetatu mbili. Osha gari chini pia. Vumbi likigandana na oili, kila mkaguzi atadhani injini inavuja.

Dereva naye awe na daraja C3, la magari ya abiria wasiozidi wanne. Daraja D ni la gari binafsi, hata kama mtu ameendesha miaka 20. Kupata C kunahitaji cheti cha mafunzo kutoka NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) au chuo kingine kinachotambuliwa, na kwa aliye mbali na mji hili ndilo huchukua muda mrefu zaidi. Mpeleke mapema, wakati mambo ya TRA yakiendelea.

Sasa ingia kwenye mfumo wa LATRA wa maombi, RRIMS. Ukienda kufanyiwa steshenari, hakikisha akaunti imefunguliwa kwa namba yako ya simu na barua pepe yako, si ya kijana wa kompyuta. Leseni ni ya mwaka mmoja. Kijana huyo akihama na nywila, mwakani utahangaika. Pakia kadi, bima na ripoti ya ukaguzi zikiwa zimeskaniwa. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono mara nyingi haisomeki. Ukipewa kontroli namba, lipa kwa benki au kwa simu, kamwe usimkabidhi mtu fedha taslimu akulipie.

Eneo la kuegesha ni suala la halmashauri. Liulize kabla hujachagua kijiwe, maana waliopo hawatakupokea kwa leseni tupu.

Jambo la mwisho linawaponza wengi: leseni ya teksi ni ya kukodiwa gari zima. Kupakia abiria kwa kichwa, kutoka gulioni hadi makao makuu ya wilaya kama zinavyofanya michomoko, yaani gari ndogo za kuchangia nauli, ni huduma ya njia. Ikiwa hiyo ndiyo kazi unayoilenga, uliza ofisi ya LATRA ya mkoa kama njia yenyewe inapokea gari la ukubwa wako, kabla hujalipia chochote.