Kichekesho cha vurugu huandikwa kuanzia milangoni

Kichekesho cha vurugu ni mchezo wa jukwaani ambamo uongo huzaa mkanganyiko. Chukua uongo mmoja mdogo, wenye sababu. Kijana mpangaji wa Majengo, Moshi, amewaambia wakwe watarajiwa kwamba nyumba ni yake. Leo wanakuja kuiona, na mwenye nyumba naye anafuata kodi. Basi, inatosha. Kila uongo mwingine uzaliwe na huo wa kwanza, la sivyo watazamaji wataacha kuamini.

Kabla ya mazungumzo, chora sebule yenye milango mitatu: wa nje, wa chumbani, wa jikoni. Kisha tengeneza jedwali. Kila mhusika apate safu yake, kila dakika mbili mstari wake. Jaza yuko wapi, anajua nini, anamficha nani. Kazi yote iko hapa, na wengi huiruka. Matokeo yake mtu anaingia kwa kuwa mwandishi anamhitaji tu. Mpe haja: mwenye nyumba atoke jikoni akitafuta kitambaa, mbege (pombe ya ndizi) imemmwagikia suruali.

Watazamaji waijue siri mapema kuliko wahusika. Wakishtuka pamoja nao, watacheka mara moja. Wakijua, watacheka kila kitasa kikigeuka. Mhusika mwenyewe asijue kwamba anachekesha, maana kwake uchumba unavunjika kweli. (Utani wa Mchaga na hela umechakaa, uache.)

Mwishoni wakusanye wote sebuleni, kauli zipungue hadi maneno matatu au manne. Soma kwa sauti huku ukipima kwa saa: ukurasa wa mwisho ukichukua muda sawa na wa kwanza, kata.