Kutia na kuvuta jarife kwa watu watano

Jarife la kuelea, yaani wavu wa kunasa samaki unaoachwa uelee, halitaki umati, linataka watu wanaosikilizana. Kwa mashua ya kawaida hapa Tanga watano wanatosha: nahodha kwenye usukani, wawili wa kamba (mmoja ya maboya, mmoja ya risasi), mmoja wa tanga au mashine, mmoja wa kupokea. Gawaneni kazi mkiwa bado pwani. Jarife ni kazi ya usiku wa giza, maana mwezi ukiwaka samaki huuona wavu, na gizani hakuna nafasi ya kubishana.

Mkiupakia wavu, toeni vijiti na mwani, kisha mpange maboya upande wa tezi, nyuma ya chombo, na risasi za kuuzamisha wavu upande wa omo, mbele, pima moja katikati. Visu vikae wazi, karibu na mkono. Saa na mikanda ya chuma iachwe nyumbani, na asiwepo wa kukanyaga wavu unaotoka.

Tupeni kwanza boya la bendera na taa, wavu ukate mkondo, nahodha aende polepole. Hapa wa maboya na wa risasi ndio wenye kazi. Wa risasi akimtangulia mwenzake, kamba ya chini huizunguka ya juu, wavu ukasokotana kama ukambaa, ukaelea usiku kucha bila kunasa kitu. Kwa hiyo wa maboya ahesabu kwa sauti kila boya linapotoka, na wa risasi afuate hesabu hiyo. Yeyote akiona msokoto aseme “Simama!”, hata kama ni kijana wa safari ya kwanza, na nahodha asimame bila kuuliza.

Wavu ukiisha, fungeni mwisho wake omoni, shusheni tanga, washeni taa. Lindeni zamu wawili wawili, kwani meli za bandarini haziioni mashua iliyo gizani. Wa zamu ndio wafuao maji yanayoingia chomboni.

Kuvuta kunaanza kabla ya alfajiri, mashine ikiwa imezimwa na propela imeinuliwa. Vutieni upande wa joshi, unakotoka upepo, ili chombo kisukumwe mbali na wavu; mkivutia demani, unakoelekea upepo, chombo huupanda wavu na usukani huunasa. Ubavu ukishuka na wimbi, vuteni. Ukipanda, shikilieni tu. Wa kupokea amsukume nguru mbele apite kwenye jicho la wavu, kwani akimrudisha nyuma matamvu hukwama. Kasa aachiwe papo hapo, analindwa kisheria.

Jarife lisishushwe kwenye miteremko ya kina kati ya Pangani na Tanga. Majarife ya kina ndiyo yaliyokuwa yakinasa silikanti, samaki adimu wa kale wa kina kirefu, na tangu 2009 kuna hifadhi ya bahari kwa ajili yao.

Mgao nao usemwe kabla ya safari: mafuta na barafu kwanza, kisha fungu la chombo na wavu, kinachobaki cha mabaharia. Aliyeshona wavu pwani apewe chake hata kama hakupanda chomboni.