Somo: Kuchora picha ya ukoo kwa mtindo wa Gerhard Richter

Leo tunachora kwa rangi ya mafuta ile picha ya zamani ambayo watu wakiifikia kwenye albamu hufunua ukurasa haraka.

Mtindo ni wa Gerhard Richter, Mjerumani aliyezaliwa Dresden mwaka 1932. Mwaka 1965 alimchora mjomba wake Rudi akitabasamu ndani ya koti la jeshi la Hitler. Mwaka huohuo akamchora mama yake mdogo, Marianne, akiwa msichana aliyepakata kitoto, na kitoto chenyewe ni Richter. Rudi alikufa vitani mwaka 1944. Marianne aliugua akili. Wanazi wakamfunga kizazi kwa nguvu, na mwaka 1945 akafa kwa njaa katika hospitali yao. Kwenye michoro hiyo hamna damu wala machozi, na hilo ndilo ninalotaka mjifunze.

Hatua ya 1. Chagua picha moja, uipige nakala. Ile halisi irudishe kabatini.

Hatua ya 2. Ikuze. Richter alitumia mashine ya kumulika picha ukutani. Kama huna, piga miraba kwa penseli juu ya nakala na juu ya kitambaa cha kuchorea, uhamishe mraba baada ya mraba.

Hatua ya 3. Changanya nyeusi, nyeupe na kahawia kidogo upate kijivu cha aina nne au tano. Paka kwa wepesi, rangi isiwe nzito. Uso usiupambe kuliko vifungo vya koti. Vyote vina uzito mmoja.

Hatua ya 4. Hapa msiharakishe. Rangi ikiwa bado mbichi, chukua brashi pana, laini na kavu, uiburute kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kugusa tu. Futa brashi kwa tambara kila baada ya mburuto, la sivyo weusi wa nywele utahamia shavuni. Ukingo wa taya utalainika kwanza, kisha macho. Acha pale ambapo mwenye kumfahamu angali anamtambua.

Hatua ya 5. Mpe jina analoitwa nyumbani. Richter aliandika "Mjomba Rudi", basi.

MASWALI

Mwalimu, mimi nina akriliki tu. Itakubali?
Itakubali, ila hukauka upesi. Changanya na dawa ya kuchelewesha kukauka, upake na kuburuta kipande kwa kipande.

Shikamoo mwalimu. Babu yangu alikuwa homgadi, askari wa Mwingereza wakati wa Mau Mau, na nyumbani hatajwi. Nyanya hataki nimchore.
Marahaba. Mchore, lakini maadamu nyanya yuko hai, mchoro usitoke chumbani mwako. Kaa naye, umwulize habari za sare: nani aliifua, nani aliyepiga picha. Mengine atayafikia mwenyewe. Richter naye alichagua mahali pa kumpeleka Rudi: mchoro wake aliutoa zawadi kwa ajili ya Lidice, kijiji cha Wacheki kilichoteketezwa na Wanazi mwaka 1942.

Je, Richter alijua yote haya alipokuwa akichora?
Hapana, si yote. Mwaka 1964 alikuwa amechora "Familia Baharini", ambamo baba mkwe wake, daktari Heinrich Eufinger, yuko ufukweni na familia yake, wakicheka. Miaka 40 baadaye mwandishi wa habari akafukua nyaraka: daktari huyo alikuwa SS, kikosi cha Wanazi, na huko Dresden alikuwa akifunga wanawake vizazi kwa sheria ileile iliyompata Marianne.