Mpango wa Usalama wa Maji ya Kunywa kwa Mradi wa Kijiji: Namna ya Kuuandaa

Majibu ya maabara yanaporudi na kuonyesha kwamba maji yana vimelea vya kinyesi, wanakijiji huwa wamekwisha kuyanywa kwa siku kadhaa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2004, lilipendekeza kila mtoa huduma awe na mpango wa usalama wa maji, yaani utaratibu wa kuilinda njia yote ya maji tangu kwenye chanzo hadi kwenye kikombe. Maelezo haya yanavihusu vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii nchini Tanzania, vile vinavyofanya kazi chini ya usimamizi wa RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini.

Anzeni kwa kuunda timu ndogo yenye fundi wa mradi, mjumbe wa kamati, afisa afya, muuza maji wa kioski na angalau mama mmoja achotaye kila siku, kwa kuwa huyo ndiye anayekumbuka ni siku zipi maji yalitoka na rangi ya udongo. Kisha ifuateni njia ya maji kwa miguu, ramani ya ofisini isiwatosheleze. Kwenye chanzo, angalieni kama mita 60 zilizotengwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 zimelimwa au zimegeuzwa malisho, na kama kuna choo upande wa mwinuko. Kwenye tangi, angalieni mfuniko na wavu wa bomba la hewa.

Njia ya bomba ndiyo inayodharauliwa kuliko sehemu zote, ingawa hatari yake ni kubwa. Pale penye mgao, maji yakifungwa bomba hubaki tupu na kuvuta ndani tope lililozunguka kila mpasuko. Yakifunguliwa asubuhi, tope hilo hutangulia kwenye ndoo ya mtu wa kwanza kwenye foleni. Kwa hiyo andikeni kila mahali panapovuja, hasa bomba linapovuka mfereji au kupita karibu na choo, na mwagizeni fundi amwage maji ya mwanzo kabla ya kuruhusu watu wachote.

Mtakuwa na orodha ndefu ya hatari. Chagueni tatu zinazoweza kuwadhuru watu wengi kwa haraka, kwa maana mpango wenye hatari arobaini zisizo na mhusika huishia kabatini. Kwa kila hatari andikeni kiwango kisichopaswa kuvukwa, nani anakipima, lini, na atafanya nini kikivukwa.

Chukueni mfano wa klorini. Tangi la lita 10,000 likihitaji dozi ya miligramu 2 kwa lita, klorini inayotakiwa ni gramu 20. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 utapimwa gramu 31 hivi. Unga huo ukorogwe kwanza kwenye ndoo ya plastiki, kisha umiminwe tangini na kuachwa kwa dakika 30 au zaidi. Kwenye koki ya mwisho klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Ikipungua, fundi aangalie kwanza kama maji yana tope, kwa sababu uchafu huila klorini, na kama kopo la unga limekaa wazi na kupoteza nguvu.

Madini ya floridi, yaliyo mengi katika baadhi ya maeneo ya Arusha, Manyara na Singida, hayaondolewi kwa klorini wala kwa kuchemsha. Huko kipimo cha kemikali kifanyike kabla ya kisima kuunganishwa na mradi.

Kubalianeni pia mapema ni nani atakayetangaza kwa kipaza sauti kwamba maji yachemshwe, na nani atakayefunga valvu, ili siku ya tatizo isipotee katika kutafutana. Daftari la vipimo likae kwenye nyumba ya pampu, likiwa na tarehe, saa na saini. Timu irudie matembezi yale yale mara mvua za kwanza za masika zinapokatika, wakati nyayo za ng'ombe na njia za maji ya mafuriko bado zinaonekana ardhini.