Breki, maji na matairi kwanza: ninavyoitunza MX-5 yangu kwa barabara na traki

Watu wakiliona gari langu huuliza habari za injini kwanza. Nimefunga tabo ya kuongeza nguvu? Nimebadilisha ekzosi? MX-5 hii, gari dogo la spoti la Mazda lenye paa la turubai, ni ya mwaka 1991, injini ya lita 1.6, nguvu ya farasi 115 hivi, na uzito wake haufiki tani moja. Injini iko kama ilivyotoka kiwandani. Kwa miaka tisa niliyokuwa nayo, pesa na jioni zangu zimeishia kwenye breki, mfumo wa maji, bushi (mipira ya viungio vya magurudumu) na matairi, na kila mwaka nazunguka traki, yaani uwanja wa mbio za magari, haraka kuliko mwaka uliotangulia. Kama una gari dogo jepesi la spoti, la aina hii au jingine, shughulika na hayo kabla hujagusa nguvu.

Anzia kwenye kutu, maana bodi ikioza hakuna kingine cha kutengeneza. Gari lisilo na paa la chuma hupata sehemu kubwa ya uimara wake kwenye vizingiti vya chini ya milango. Nyuma ya viti, pembeni karibu na mikanda, kuna matundu mawili ya kupitisha maji ya mvua kutoka kwenye paa la turubai. Majani na vumbi huyaziba, maji yanamwagikia ndani ya vizingiti, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje, hasa mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Kila baada ya miezi mitatu namimina kikombe cha maji kila upande kisha nachungulia chini: yanatakiwa yatoke mara moja. Yakikawia, pitisha uzi wa plastiki wa mashine ya kufyekea majani. Waya wa chuma utatoboa mpira wa ndani na maji yatapata njia mpya ya kuingia. Gari lenye vizingiti vilivyooza usilipeleke traki hata siku moja.

Ukipiga jeki, mbele weka chini ya krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini), nyuma chini ya difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), kisha stendi kabla hujaingiza hata mkono. Kati ya gia boksi na difu kuna fremu ndefu ya aluminiamu inayoviunganisha. Hiyo usiinulie gari.

Kwa oili, jambo linalokosewa sana ni gia boksi. Tia oili ya gia ya daraja la GL-4, uzito wa 75W-90. GL-5 ni ya difu. Viungo vyake vya salfa vinaweza kula shaba ya sinkronaiza (pete zinazolainisha kuingia kwa gia), na gia ya pili, ambayo asubuhi huwa nzito hata kwenye gari zuri, itazidi kukataa. Mkanda wa taimingi nabadilisha kila kilomita 100,000, na kama umenunua gari bila historia, badilisha wiki hiyo hiyo. Kwenye injini hii ukikatika valvu hazigongani na pistoni, lakini utalala njiani. Badilisha na wota pampu papo hapo, kwa kuwa imejificha nyuma ya mkanda huo na kazi ya kuifikia utakuwa umeshaifanya.

Sasa breki, na hapa naomba usome polepole. Siku yangu ya tatu ya traki, mwisho wa mstari mrefu, nilikanyaga pedali ikaenda mpaka chini bila kitu. Nilipampu mara mbili, ikarudi kidogo, nikatoka nje ya kona taratibu hadi kwenye kokoto. Pedi zilikuwa nzima na diski zilikuwa nzima. Mafuta ya breki yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka miwili, na kosa lilikuwa langu. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4, daraja la mafuta ya breki ninayotumia, ikiwa mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka ndani ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) yanatoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke badala ya pedi. Barabarani unaweza kukaa miaka bila kujua hali hiyo. Traki itakuonyesha ndani ya dakika kumi.

Tangu siku hiyo natoa mafuta yote ya zamani kabla ya msimu na kutoa hewa upya kabla ya kila siku ya traki. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), malizia na lililo karibu. Msaidizi akanyage taratibu, ashikilie. Wewe fungua nipeli, ile skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa, robo mzunguko, funga, ndipo umwambie aachie. Chungulia chupa ya juu kila baada ya mikanyago mitano, kwani ikikauka unaanza upya. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana itupe. Na usichanganye kamwe na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, DOT 5.1 haina shida.

Pedi zilizotengenezwa kwa traki pekee zinashika zikiwa moto tu. Asubuhi barabarani, mtoto akikatiza mbele yako, hazitakusaidia. Mimi nachagua pedi za kati, nazivumilia kelele, na diski naacha za kawaida zisizo na matundu. Gari jepesi halihitaji kalipa kubwa. Nilizopewa na kiwanda zinatosha mpaka leo.

Kuhusu maji: injini hii inatoka kwenye familia iliyobuniwa kulazwa kwa upana, katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Ilipogeuzwa ikae kwa urefu, njia ya kutokea maji ilihamishiwa mbele. Maji yanaingia na kutoka upande uleule, na silinda ya nne, ya nyuma kabisa, ndiyo inayopata joto kuliko wenzake. Wengine hurudisha temostati (valvu inayofungua njia ya maji yakipata moto) nyuma ya silinda hedi kwa mabomba ya ziada, na kwa anayekimbia sana ni kazi yenye faida. Kabla ya hapo fanya mambo mepesi: rejeta safi, kofia mpya ya rejeta, mipira mipya ya maji, sponji ya kuziba mianya pembeni mwa rejeta, na ile plastiki ya chini ya pua. Magari mengi yameipoteza, na bila hiyo hewa inapita chini badala ya kupita kwenye rejeta.

Bushi za mpira zenye miaka thelathini zimekufa, hata kama hazipigi kelele. Niliweka mpya za mpira mgumu kidogo na gari likarudi ujana. Jiandae: zile bolti ndefu za kurekebishia alaimenti (mkao wa magurudumu) huwa zimeshikwa na kutu ndani ya bushi. Zilowanishe mafuta ya kulegezea wiki nzima kabla. Kwa matumizi ya barabara na traki nimeweka kemba, yaani gurudumu kulala ndani kwa juu, digrii 1.5 mbele na karibu 2 nyuma. Magurudumu ya mbele yatazame sambamba, ya nyuma yakaribiane kidogo sana kwa mbele. Matairi ni 195/50 kwenye rimu za inchi 15, na rimu nilizichagua kwa kuzipima kwenye mizani. Kilo inayozunguka na kurukaruka na gurudumu inaumiza kuliko kilo iliyo kwenye buti.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha endesha, kisha andika. Daftari langu lina upepo wa kila tairi, joto la siku, na nilichohisi kwenye usukani.

Kitu kimoja nilichoongeza kwa furaha, ingawa kina uzito, ni rolibaa, bomba la chuma nyuma ya viti linalokinga kichwa gari likipinduka. Ukivaa kofia ngumu ya kukinga kichwa na kukaa mkao wako wa kuendesha, nyosha fimbo kutoka juu ya rolibaa hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Kofia ibaki chini ya fimbo. Ifunike kwa sponji ngumu, kwa sababu barabarani kichwa chako hakina kofia.

Asubuhi ya traki natoa tairi la akiba, jeki na kila kinachogongagonga. Oili iwe karibu na alama ya juu, kwani kona ndefu huisukuma pembeni mwa sampo (bakuli la oili chini ya injini). Naanza na upepo wa psi 26, nikirudi napima matairi yakiwa moto na kupunguza mpaka yasizidi 31. Mzunguko wa mwisho naenda bila kugusa breki kadiri inavyowezekana, ili zipoe. Nikipaki sivuti hendibreki, naacha gari kwenye gia, boneti wazi. Matairi yakipoa nabana nati zote kwa spana ya kupimia mkazo, 110 Nm, gurudumu kwa gurudumu, kabla ya kurudi barabarani.